Baba Amenisifu

Ukata, Mbinga
26 Februari 1996

Mwanangu Elias,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku Ukata tu wazima, mvua inatosha, na mama yako anakusalimu pamoja na mkeo Edina, ambaye mpaka leo hatujamtia machoni.

Nakuandikia jambo moja. Mwaka ule kabla hujahamia ziwani ulilaza nyasi za ngolo, tayari kufukiwa udongo, kwenye mteremko wa juu ya kisima, peke yako, mimi nikiwa ndani na mguu uliovimba. Mistari ilinyooka. Kutoka juu hadi chini hapakuwa na hata mmoja uliopinda, na miraba yote ilikuwa sawa. Wewe ni mtu wa kazi. Nilitaka ulijue hilo, na ulijue kutoka kwangu mwenyewe.

La pili, hujawahi kunidanganya katika jambo kubwa. Katika madogo ulinidanganya sana, lakini hayo tuyaache.

Habari nyingine ni za kawaida. Siku hizi wanunuzi wa kahawa wanafika na magari yao hadi njia panda, kila mmoja na mzani wake, na kila mmoja anasema mwenzake ni mwizi. Chama cha ushirika kimebaki na godauni na mlinzi wa kulilinda, ingawa sijui analinda nini. Mbuzi mweusi amezaa jike.

Ukitaka kujibu, jibu kabla ya Pasaka. Baada ya hapo huenda usinikute.

Mimi baba yako,
Joakim Kinunda


Lituhi
3 Machi 1996

Mdogo wangu Beata,

Tumsifu Yesu Kristo. Usimwonyeshe mtu barua hii, hasa Baba. Nijibu upesi, mpe Masoudi akishuka na pikapu yake kufuata usipa, dagaa wa huku.

Baba amenisifu. Amechukua karatasi, ameandika kwa mkono wake, na amenisifu kwa ajili ya nyasi nilizolaza zamani hizo. Niliposoma mara ya kwanza nilitazama bahasha nihakikishe ni yangu. Mwezi wa kwanza nilimwandikia nikamwomba ashuke ziwani mtoto wetu akizaliwa na kubatizwa. Siku ya ndoa hakuja, alisema barabara mbaya, nami nikanyamaza. Nilitaka angalau aje kwa mjukuu. Katika hilo hakunijibu neno. Badala yake ananiambia mistari ilinyooka, halafu anasema baada ya Pasaka huenda nisimkute.

Edina ameisoma akafurahi, akaiweka ndani ya Biblia yake. Baba yake, Mzee Cuthbert, ni katekista wa Waanglikana kule Liuli. Kila jioni akisali huwataja watoto wake mmoja mmoja na kumshukuru Mungu kwa jambo jema alilowatia, nao wamekaa palepale wanasikia. Edina amekulia humo. Ameniuliza ninaogopa nini.

Wewe unaijua nyumba yetu. Baba hupita kwenye ngolo zako taratibu, mikono nyuma. Akikohoa, kuna mstari uliopinda. Akisimama akakuna kidevu, fumua uanze upya. Akipita mpaka mwisho akaenda zake bila neno, umefaulu, na siku hiyo unakula kwa amani. Maneno mazuri kwetu ni ya kuagana. Unakumbuka Babu Nazari alivyotuita kitandani, kila mtu na lake. Mimi aliniambia nina macho ya kuona njia hata gizani. Baba aliambiwa ana moyo wa subira, akatoka nje akashika nguzo ya baraza asiiachie. Wiki hiyohiyo tukamzika Babu.

Sasa niambie ukweli, Beata. Baba anaumwa nini?

Kwetu huku ni hivi. Serikali ya kijiji imenipa mteremko mzima juu ya ziwa. Wenyeji hupanda muhogo kwenye tambarare, hawautaki, na wananicheka ninavyochora miraba yangu ya ngolo juu huko, kila mmoja na shimo lake katikati. Lakini sharti lao ni kwamba niulime wote msimu huu, nisipoweza anapewa mwingine. Ndilo tumaini letu, maana mimi kuvua sijui na ziwa naliogopa. Edina amekaribia kujifungua, hawezi kushika jembe, kwa hiyo nalaza nyasi kama mwanamume na kufukia udongo kama mwanamke, na kina mama wa hapa wanakuja kutazama.

Nisalimie Mama, lakini usimwambie kitu.

Kaka yako,
Elias


Ukata
9 Machi 1996

Kaka Elias,

Milele na milele, amina. Kumbe na wewe. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Juzi tulikuwa tunakula. Baba akameza, akatazama ukutani, akasema, "Maharage haya yana ladha, Beata. Una mkono mzuri." Mama akadondosha kata ndani ya mtungi. Mimi nikangoja amalizie kwamba chumvi imezidi, au kwamba mkono mzuri lakini mdomo mrefu. Hakumalizia. Aliendelea kula, na jasho linamtoka. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikarudi kuosha vyombo.

Unaniuliza anaumwa nini. Hakohoi, hana homa, anakula ugali wake wote. Lakini Babu naye alikula mpaka siku yake ya mwisho. Nakupa niliyoyaona, uyapime mwenyewe.

Ametoa koti lake jeusi, lile la ndoa yake, analianika juani na kulipiga vumbi. Nilipomwuliza la nini, akasema mtu awe na nguo tayari. Amekwenda Kitai mara kadhaa, akirudi mikono mitupu, na hakuna anayekwenda Kitai akarudi mikono mitupu siku hizi, mitumba ilivyojaa pale. Nikamwuliza Masoudi, nikijua Baba hupumzika dukani kwake pale Kitai. Akaniambia mambo ya mzee wako kamuulize mzee wako. Masoudi, ambaye huwa anasema mpaka bei aliyonunulia.

Halafu kuna katekista Tadei. Anakuja, wanakaa kwenye baraza, wanaongea chinichini, wakiniona wananyamaza na Baba anaanza kuuliza habari za nguruwe. Amekwenda kuungama mara mbili, na Kwaresima haijafika hata nusu. Jana nguruwe alivunja uzio akala viazi, Baba akasema basi, naye ana njaa. Hakumpiga. Nilimtazama nikaogopa kweli.

Mama anasema tumwache, kila mzee ana vituko vyake. Lakini nimemwona anamtazama Baba akiwa amelala, anasikiliza kama anapumua.

Mimi naona anatuaga, Kaka. Ningependa niwe nimekosea.

Mdogo wako,
Beata


Lituhi
13 Machi 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako niliipata. Nashukuru kwa maneno yako, ingawa sikuyatarajia. Natumaini hujambo mwilini, hasa kifua, na usingizi pia.

Baba, nimeamua kurudi nyumbani. Shamba la huku nitaliacha, kijiji kitampa mtu mwingine, haidhuru. Edina ataweza kusafiri kama tutapanda mbele kwa Masoudi, ingawa mama yake hajapenda. Nataka niwe karibu na wewe wakati huu. Ukiwa na jambo lolote la kunielekeza, kuhusu kahawa au mipaka au mengine, nitakuwepo nikusikilize.

Tafadhali usifanye kazi nzito mpaka nije.

Wako mtiifu,
Elias


Ukata
17 Machi 1996

Mwanangu Elias,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeisoma, nikampa mama yako, nikaisoma tena. Hukuandika kwa nini unaacha shamba na mimi sitakuuliza. Naona umekata tamaa na unaona aibu kusema. Kufukia ngolo peke yako si mchezo, na kuchekwa na watu wa ugenini nako kunachosha.

Basi nakuambia hivi. Hata ukiacha shamba hilo, wewe ni mwanangu na sina kinyongo na wewe. Ulipoacha masomo kule seminari sikuwa na kinyongo, ingawa sikusema. Uliponiletea habari kwamba unaoa kwa Waanglikana nilinyamaza, lakini nilimwombea binti huyo kwa jina lake, na naendelea. Ulikuwa mtoto mwenye huruma. Uliwahi kumbeba Beata mgongoni kutoka Kitura mpaka nyumbani akiwa na homa, na mvua inanyesha, wala hukujisifu. Nililiona. Yote nimeyaona.

Yaliyopita kati yetu tuyaachie palepale. Nilikuwa na mpango wangu wa baada ya Pasaka, lakini naona sasa umekwisha. Njoo salama. Kibanda cha juu bado kizima, na ufunguo Beata anajua ulipo.

Mungu akubariki wewe na wote watakaotoka kwako.

Baba yako,
Joakim Kinunda


Lituhi
20 Machi 1996

Beata,

Nimepata nyingine, na hii ndiyo yenyewe. Anataja mambo yote tangu utoto wangu, ananisamehe, ananiambia ufunguo ulipo, halafu anawabariki watakaotoka kwangu. Babu hakufika hata huko.

Nimeacha kulaza nyasi. Zimebaki nusu ya mteremko, zimelazwa lakini hazijafukiwa, upepo wa ziwa unazipeperusha na mimi nazitazama tu. Mwenyekiti wa kijiji amepita, akauliza kama nimeshindwa. Nilimwambia baba yangu anakufa. Akanipa pole, akasema mtu wa kuchukua shamba yupo tayari.

Edina anasema nikiondoka sasa nitakosa vyote, baba na shamba, maana mtu haendi kumuaga mzee kwa kumletea habari kwamba kazi imemshinda. Pengine yuko sahihi. Sijui tena. Kuna saa naona nibaki niimalize kazi ile, kwa sababu ndiyo aliyonifundisha. Kuna saa naona nitembee kwa miguu usiku kucha nifike Ukata.

Masoudi anapanda Jumatatu tarehe ishirini na tano na tumeshafunga mizigo. Mshike mkono Baba, mwambie nakuja. Mwambie hata mimi nilimwona.

Elias


Ukata
23 Machi 1996

Kaka, usipande gari. Fungua mizigo.

Mpe huyu kijana wa Masoudi maji ya kunywa, nimemkimbiza. Barua ya Baba nimeiambatanisha, lakini soma kwanza yangu, la sivyo utachanganyikiwa zaidi.

Barua yako ilipofika nilishindwa kuficha, nikamsomea Mama. Alipika, akapakua, akamngoja Baba amalize kusali, kisha akaweka sahani yake chini akamwuliza, "Baba Elias, unakufa?"

Baba akasema, "Nani kasema?"

Mama akamweleza yote. Barua zako, maharage yangu, koti, nguruwe. Baba alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kuinamia sahani yake, mpaka nikadhani kweli amezidiwa. Kisha akatueleza, kwa shida, kipande kwa kipande.

Kabla ya Kwaresima kuanza kulikuwa na semina ya kina baba pale parokiani. Padre aliwasomea maneno ya Mtume Paulo, kwamba kina baba wasiwachokoze watoto wao wasije wakakata tamaa. Akawauliza ni nani kati yao amewahi kumwambia mtoto wake jambo zuri aliloliona kwake. Baba anasema ukumbi mzima walitazama viatu vyao. Basi Padre akawapa hiyo iwe kazi yao ya Kwaresima, kila mtoto aambiwe jambo moja kabla ya Pasaka, na wasimwambie kwamba wametumwa, kwa sababu sifa ya kutumwa haimfai mtoto. Tadei ndiye aliyekuwa anapita nyumba hadi nyumba kuuliza nani amefanya na nani bado. Mwanzoni Baba akawa anamkimbia. Mwisho Tadei akamshauri aandike kwa yule wa mbali, kwa sababu ukiandika huyaoni macho ya mtoto.

Na kuungama kwingi kule alikuwa anaungama kwamba bado hajatimiza.

Mama alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilicheka, halafu nikaona uchungu kwa ajili ya maharage yangu. Nikamwuliza, kwa hiyo hukuyapenda, ulitumwa tu? Baba akanikasirikia kweli, akasema maharage alitumwa kuyasema, hakutumwa kuyapenda. Bado nalifikiria jibu hilo.

Kuhusu koti na safari za Kitai hakujibu. Alisema hayo hayatuhusu.

Beata


Ukata
23 Machi 1996

Elias,

Siumwi. Kifua changu kizima na usingizi wangu haukuhusu.

Una akili gani wewe? Mtu amelaza nyasi nusu ya mteremko, anaziacha upepo uzichukue, kwa sababu ameambiwa ni mtu wa kazi? Nyasi zisipofukiwa mapema, mvua ya Machi inashuka nazo mpaka ziwani na udongo wako wote nyuma yake. Hilo nilikufundisha ukiwa bado unaniuliza kwa nini mbuzi hana kanzu. Ondoka hapo ulipokaa, shika jembe. Anza juu, usianze chini kama mvivu. Penye mwamba usizungushe mstari, ukatishe na uuendeleze upande wa pili. Na mtu aliyekucheka mwache acheke, akichoka atakuja kuomba mbegu ya maharage.

Kwa mke wako aliye katika hali hiyo ulitaka umpandishe gari milima yote ile? Ungefika hapa ningekurudisha kwa miguu.

Niliambiwa nikutie moyo na nimekutia hofu. Najua. Mimi sijui namna. Baba yangu aliliweka neno lake mpaka siku ya mwisho, na lilipofika nilishindwa kulipokea. Nilidhani nikilitoa mapema litakuwa jepesi. Wewe unakaribia kupata wa kujifunzia, basi jifunze, uje unieleze linavyofanyika.

Nililoandika juu ya mistari halikuwa la kutumwa. La kutumwa lilikuwa kuandika.

Joakim Kinunda


Lituhi
29 Machi 1996

Baba,

Shikamoo. Nimepata barua yako ya kunigombeza. Niliisoma nimesimama, nikamwambia Edina naomba chakula, na nikala nikashiba, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mwanzo wa mwezi. Edina alisoma ulivyoandika akashika kichwa. Anasema barua ya kwanza nililia na hii yenye kunitukana nacheka, na kwamba angejua mapema tulivyo, angeuliza maswali zaidi kabla ya ndoa.

Nimeshika jembe. Nimeanza juu. Penye mwamba nilikuwa nimezungusha kweli, sijui ulijuaje, nimefumua.

Jumanne Edina alijifungua mtoto wa kike, salama. Mtoto ana sauti kubwa kuliko mwili wake. Jina amechagua Edina, nalo ni Ottilia, la Mama huko Ukata. Nilipompokea nilitaka kumwambia neno zuri, nikafungua mdomo, na unajua nilimwambia nini? Nilimwambia vidole vyake vimenyooka.

Ubatizo ni Jumapili baada ya Pasaka, tarehe kumi na nne. Nilikuomba mwezi wa kwanza na nakuomba tena kwa mara ya mwisho, sitarudia. Barabara ni mbaya, hilo najua. Usipokuja nitaelewa. Sitakukasirikia, lakini nitaumia, na nimeona nikuambie hivyo badala ya kukaa nalo.

Mwanao,
Elias


Lituhi
17 Aprili 1996

Wifi yangu Beata,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Hatujaonana, lakini nimekwisha kukusikia katika barua zako zote, kwa sababu kaka yako hawezi kusoma kimya. Nakuandikia kwa kuwa nimechanganyikiwa na wewe ndiye wa kunieleza. Nimeuliza humu ndani, naambiwa, "Ndivyo tulivyo."

Baba alikuja. Nadhani nyinyi mlijua siku ile alipotoka na koti, sisi hatukujua. Jumamosi pikapu ya Masoudi ilisimama chini ya njia, akashuka mzee mmoja mwenye koti jeusi lililojaa vumbi, amemkumbatia mbuzi jike mchanga. Masoudi akaniambia tangu Februari mzee alikuwa anakuja dukani kuuliza kama daraja limepona, kama gari litapita, akimsihi asimwambie mtu, maana akishindwa kufika asiwe amewaahidi watoto. Kumbe ile "huenda usinikute" ilikuwa safari hii. Nilipiga magoti nikasema shikamoo. Akaitikia, akaniita mama, akanikabidhi mbuzi. Nikamletea mtoto. Alimtazama kidogo tu, kisha akauliza shamba liko wapi.

Kutoka barazani kwangu mteremko wote unaonekana, kwa hiyo niliona kila kitu. Elias alisimama chini kabisa, mikono ubavuni kama mtoto wa shule siku ya mtihani. Baba akapanda mpaka juu, akaweka mikono nyuma, akaanza kushuka mstari kwa mstari. Penye mwamba alisimama. Moyo wangu ulisimama naye. Kisha akaendelea. Nilitega sikio nisikie hata neno moja, kwa sababu najua mume wangu alivyoteseka na mteremko ule, na najua kwetu baba yangu angekuwa ameshaanza kuimba. Hakusema kitu. Alipofika mwisho alimpita Elias kama anavyopita mti, akavua koti akalitundika kwenye kichaka, akachukua jembe langu akaenda kufukia sehemu iliyobaki.

Kina mama wa jirani waliitana. Walikuwa wamezoea kumtazama mwanamume mmoja akifukia, sasa wako wawili, na mmoja ana mvi. Walifukia mpaka jua linazama, kila mtu upande wake, wala hawakuongea.

Elias alikuja nyumbani kuchukua maji. Uso wake ulikuwa umelowa, na haikuwa jasho tu. Nikamwambia pole mume wangu, amesafiri njia yote hiyo na hajakuambia hata neno.

Akasema, "Hata kukohoa, Edina. Mteremko mzima." Akanywa maji yote, akarudi shambani anatabasamu. Wifi, nilibaki na kikombe mkononi.

Jumapili mtoto alibatizwa. Baba yangu alikuja kutoka Liuli na, kama kawaida yake, baada ya chakula alisimama kusali. Alimshukuru Mungu kwa ajili yangu, kwa ajili ya Elias na mikono yake, kwa ajili ya mtoto na sauti yake, kisha akamshukuru Mungu kwa ajili ya mzee Joakim aliyelea kijana asiyekimbia kazi. Baba mkwe hakujua aweke wapi macho. Aliyaweka kwa mbuzi. Lakini baadaye niliwaona wamekaa wawili nyuma ya nyumba, na baba mkwe anauliza maswali, na baba yangu anamjibu taratibu, anamwonyesha kwa mikono, kama mtu anayefundisha kushona wavu. Sikusogea karibu.

Jana aliondoka. Alimchukua mtoto, akamnong'oneza kitu kwa Kimatengo ambacho mimi sikukielewa na Elias alikataa kunitafsiria. Masoudi akapiga honi. Baba akapanda mbele, akafunga mlango, akafungua tena, akashuka. Alisimama ametugeuzia mgongo, anatazama ziwa, na mimi nikadhani amesahau kitu.

Akasema, "Elias. Mistari imenyooka."

Mume wangu alimgeukia. Akauliza, "Baba, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi sema tena."

Masoudi alizima gari. Hakuna aliyesogea, hata kina mama wa jirani. Baba alikuna kidevu, na nikaona Elias ameshtuka, lakini mzee akageuka, akamtazama mwanawe usoni, akasema tena.

Naomba unieleze nyinyi ni watu gani. Mwambie Mama Ottilia kwamba mwenzake wa jina amenenepa, na mbuzi anakula kila kitu.

Wifi yako anayewapenda kabla ya kuwaelewa,
Edina